Maarifa pekee hayatoshi kuwakinga vijana dhidi ya HIV na mimba za mapema

Hakuna kizazi cha Wakenya kilichowahi kuelezwa mengi kuhusu Ukimwi kama hiki cha sasa. Mtoto aliyezaliwa baada ya mwaka wa 2000 amekutana na habari za virusi vya HIV katika vitabu vya shule, redioni, kwenye kuta za zahanati, msikitini, kanisani na hata katika simu ya mkononi.

Hata hivyo, Utafiti wa Kitaifa wa Watu na Afya wa mwaka wa 2022 ulibainisha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa kati ya umri wa miaka 15 na 19 humu nchini walikuwa wamewahi kushika mimba. Kiwango hicho kilikuwa kimeshuka kutoka asilimia 18 mwaka wa 2014. Ni hatua, lakini ni hatua ya kobe.

Kuhusu HIV, Shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na Ukimwi (UNAIDS) lilikadiria kuwa mnamo 2023, wasichana na wanawake 4,000 wa umri wa miaka 15 hadi 24 waliambukizwa kila wiki kote duniani. Kati yao, 3,100 walikuwa katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa jangwa la Sahara.

Swali linalozuka ni hili: ikiwa vijana wameelezwa, mbona wangali wanaangamia? Majibu yapo, na baadhi yake yamepatikana papa hapa Afrika Mashariki, katika shule za kawaida za vijijini. Yanaonyesha kuwa si kila somo huokoa, na kwamba kijana huhitaji zaidi ya somo.

Kimya kilichogharimu maisha

Jamii za eneo hili hazikukosa elimu ya uzazi kabla ya ujio wa shule. Katika mwambao, mwari alikuwa na somo au kungwi wake, aliyemfunza usafi wa mwili, hedhi na maisha ya ndoa. Miongoni mwa Waluo, wasichana walilala katika siwindhe, nyumba ya nyanya, na humo walipokea mafunzo ya utu uzima. Kwa jamii zinazotahiri wavulana, jando lilikuwa pia darasa.

Mafunzo hayo yalikuwa na kasoro zake. Baadhi yaliandamana na ukeketaji, ambao umepigwa marufuku na sheria ya Kenya ya mwaka wa 2011. Lakini yalikuwa na faida moja kubwa: kila kijana alimjua mtu wa kumuuliza.

Shule, miji na kazi za mbali zilipowatenga vijana na nyanya zao, nafasi hiyo ilibaki wazi. Mzazi alidhani mwalimu atasema, mwalimu naye akadhani mzazi amekwisha kusema. Kijana akaachwa ajifunze kwa rafiki ambaye naye hakujua.

Ukimwi ulitua katika kimya hicho. Kisa cha kwanza humu nchini kilitambuliwa mwaka wa 1984. Kwa miaka mingi baadaye ugonjwa huo ulizungumzwa kwa mafumbo, na katikati ya miaka ya tisini viongozi wa dini waliteketeza hadharani jijini Nairobi mipira ya kondomu pamoja na vitabu vya elimu ya jinsia.

Ulimwengu ulikuwa umekwisha kuanza kubadili msimamo. Katika kongamano la kimataifa kuhusu idadi ya watu na maendeleo lililofanyika Cairo, Misri, mwaka wa 1994, mataifa yalikubaliana kwamba vijana wanastahili habari na huduma za afya ya uzazi. Kenya ilichapisha sera yake ya kwanza ya Bunge kuhusu Ukimwi mwaka wa 1997. Mnamo Novemba 1999, Rais Daniel arap Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa, na Baraza la Kitaifa la Kudhibiti Ukimwi (NACC) likaundwa.

Juhudi zilizofuata zilizaa matunda. Uchunguzi wa kitaifa wa 2007 ulionyesha kuwa asilimia 7.1 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa na virusi. Uchunguzi wa 2018 ulionyesha asilimia 4.9. Hata hivyo, mzigo haukugawanyika sawa: kiwango kilikuwa asilimia 6.6 kwa wanawake na asilimia 3.1 kwa wanaume.

Funzo kutoka Mwanza

Mradi mmoja ambao kila mtunga sera anafaa kuujua ni ule wa Mema kwa Vijana, uliofanywa katika mkoa wa Mwanza, Tanzania, kuanzia mwaka wa 1998. Jamii 20 ziligawanywa katika makundi mawili. Katika jamii 10, wanafunzi wa shule za msingi walifunzwa afya ya uzazi na walimu wao wakisaidiwa na wanafunzi wenzao. Wahudumu wa zahanati walifunzwa kuwapokea vijana kwa heshima, na mipira ya kondomu ikasambazwa na vijana wenyewe. Jamii 10 zilizosalia ziliendelea na huduma za kawaida.

Watafiti waliwafuatilia vijana 9,645. Matokeo ya awamu ya kwanza yalikuwa ya kutia moyo upande mmoja na ya kuvunja moyo upande wa pili. Vijana waliofunzwa walijua mengi kuliko wenzao, na kauli zao kuhusu ngono salama zilikuwa bora. Lakini walipopimwa, viwango vya HIV, vya malengelenge ya sehemu za siri na vya mimba havikuwa vimepungua ikilinganishwa na wenzao.

Watafiti walirejea mwaka wa 2007 na 2008, wakawapima vijana 13,814 waliokuwa wamepitia shule za maeneo hayo. Hali ilikuwa ile ile. Maarifa yalikuwa yamedumu kwa miaka mingi, lakini kiwango cha maambukizi hakikuwa kimeteremka.

Wapo waliotumia matokeo hayo kudai kwamba elimu ya uzazi haina maana. Hoja hiyo ni potofu. Mwanza ilithibitisha kwamba vijana hufunzika, na pia kwamba elimu hiyo haikuwachochea kukimbilia ngono, jambo ambalo wapinzani wake wamelihofia siku zote. Kilichokosekana ni uwezo wa kuyatumia maarifa hayo katika jamii ambamo msichana hana pesa, hana sauti, na mwanamume anayemtaka ana vyote viwili.

Nani hasa wa kuogopwa?

Upande huu wa mpaka, watafiti waliuliza swali tofauti. Vijana huelezwa kwamba HIV ipo na kwamba wajiepushe na ngono hadi ndoa. Je, wameelezwa ni nani aliye na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwaambukiza?

Mwaka wa 2004, mwanauchumi Pascaline Dupas aliendesha jaribio katika shule za msingi 328 za magharibi mwa Kenya, katika wilaya za wakati huo za Bungoma na Butere-Mumias. Katika shule 71 kati ya hizo, wanafunzi wa darasa la nane walipata mazungumzo ya dakika 40 pekee. Walionyeshwa filamu fupi kuhusu msichana anayeandamwa na mwanamume mtu mzima, kisha wakaelezwa viwango vya maambukizi kulingana na umri na jinsia. Waligundua kwamba mwanamume aliyevuka miaka 25 alikuwa na uwezekano mkubwa mno wa kuwa na virusi kuliko mvulana wa rika lao.

Habari hiyo iliwashangaza wengi. Wasichana wengi walikuwa wakiamini kinyume chake: kwamba mtu mzima mwenye kazi, gari na familia ni salama kuliko mvulana asiye na chochote.

Mwaka mmoja baadaye, mimba miongoni mwa wasichana waliosikia mazungumzo hayo zilikuwa zimepungua kwa asilimia 28 zikilinganishwa na za wenzao. Zile zilizotokana na wanaume wa umri mkubwa zilipungua kwa zaidi ya nusu, na hapakuwa na ongezeko la maana la mimba zilizotokana na wavulana wa rika lao. Kwa upande mwingine, kuwafunza walimu mtaala rasmi wa Ukimwi, uliosisitiza kujiepusha hadi ndoa, hakukupunguza mimba.

Tofauti ya masomo hayo mawili ni ya kimsingi. Somo la kwanza lilisema "usifanye". La pili lilimpa msichana habari mahususi ambayo angeweza kuitumia siku hiyo hiyo njiani kutoka shuleni. Kenya ina jina lake la mitaani kwa mwanamume wa aina hiyo: sponsa. Nchini Tanzania, kampeni ya redio ya miaka ya mwisho ya mwongo wa kwanza wa karne hii ilimpa jina la Fataki, likaenea hadi likawa neno la kawaida la kumkejeli. Jina la dhihaka lina nguvu, kwa kuwa linaihamisha aibu kutoka kwa mtoto hadi kwa mtu mzima.

Sare ya shule iliyozuia mimba

Katika shule hizo hizo 328, Dupas, Esther Duflo na Michael Kremer walifuatilia jambo jingine kwa miaka saba kuanzia 2003. Baadhi ya wanafunzi wa darasa la sita walipewa sare za shule bila malipo. Msaada huo mdogo ulipunguza idadi ya wasichana walioacha masomo, walioolewa mapema na waliopata mimba. Baada ya miaka mitatu, kiwango cha mimba kilikuwa kimeshuka kutoka takriban asilimia 16 hadi 13.

Sababu si ngumu kueleweka. Msichana anayeona mlango wa kidato cha kwanza mbele yake ana kitu cha kupoteza. Aliyefukuzwa kwa kukosa sare hana.

Matokeo hayo yalikuwa na kasoro moja muhimu. Sare pekee hazikupunguza magonjwa ya zinaa. Magonjwa hayo yalipungua pale tu sare zilipoandamana na mafunzo ya HIV. Kumweka msichana shuleni na kumfunza ni mambo mawili yanayohitajiana.

Nchini Malawi, utafiti uliofanywa wilayani Zomba ulitoa ushahidi unaokaribiana na huo. Familia za wasichana zilipewa pesa kidogo kila mwezi, na wasichana wenyewe wakapewa sehemu yao. Baada ya miezi 18, miongoni mwa waliokuwa shuleni utafiti ulipoanza, asilimia 1.2 ya waliopokea pesa walikuwa na HIV, ilhali kwa wenzao wasiopokea kiwango kilikuwa asilimia 3.0.

Jaribio la aina hiyo mkoani Mpumalanga, Afrika Kusini, halikuonyesha tofauti kati ya waliopewa pesa na wasiopewa. Sababu moja ni kwamba karibu wasichana wote, wa makundi yote mawili, walikuwa wakihudhuria masomo tayari. Hata hivyo, waliobaki shuleni waliambukizwa kwa kiwango kidogo kuliko walioacha. Pesa zilisaidia mahali ambapo umaskini ndio uliokuwa ukiwatoa wasichana darasani.

Takwimu za Kenya zinaafikiana na hali hiyo. Katika utafiti wa 2022, takriban wasichana wanne katika kila 10 wa umri wa miaka 15 hadi 19 ambao hawakuwa wamesoma walikuwa wamewahi kushika mimba. Miongoni mwa waliokuwa na elimu ya zaidi ya shule ya upili, kiwango kilikuwa asilimia tano.

Ndiyo maana hatua ambazo kwa mtazamo wa kwanza si za afya huwa kinga. Kenya iliondoa ushuru wa sodo mwaka wa 2004, na marekebisho ya sheria ya elimu ya 2017 yakaipa serikali jukumu la kuwapa wasichana wa shule za umma sodo bila malipo. Mwongozo wa mwaka wa 1994, ulioimarishwa mnamo 2020, unampa msichana aliyejifungua haki ya kurejea shuleni. Pale ambapo mwalimu mkuu anamfungia lango, au ambapo sodo zinakosa kufika, kinga hiyo inabaki katika karatasi.

Ramani mbili za taifa moja

Kosa jingine ni kuhubiri ujumbe mmoja kote nchini. Utafiti wa 2022 ulionyesha kuwa Samburu iliongoza kwa mimba za mapema kwa asilimia 50, ikifuatwa na Pokot Magharibi kwa asilimia 36, Marsabit kwa 29 na Narok kwa 28. Nyeri na Nyandarua zilikuwa na asilimia tano pekee.

Ramani ya HIV ni nyingine kabisa. Uchunguzi wa 2018 uliweka Homa Bay kileleni kwa asilimia 19.6, kisha Kisumu kwa 17.5, Siaya kwa 15.3 na Migori kwa 13.0.

Kwa hivyo, binti wa Samburu na binti wa Homa Bay hawakabiliwi na hatari moja. Wa kwanza huenda anatishiwa na ndoa ya mapema au desturi ya kuvishwa shanga, ambapo moran hupata kibali cha kuhusiana na msichana mdogo kimapenzi. Wa pili anaishi mahali ambapo kosa moja tu linaweza kumkutanisha na virusi. Wa kwanza anahitaji hasa chifu, mzee wa ukoo na mwalimu wa kumtetea. Wa pili anahitaji kujua hali yake ya HIV, na kupata kinga bila kuulizwa maswali ya kumdhalilisha.

Kinga zilizopo na mlango wa kuzifikia

Kijana wa leo ana kinga ambazo kaka na dada zake wa miaka ya tisini hawakuzijua. Jaribio la Kisumu lililowahusisha wanaume 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24, lililositishwa Desemba 2006 kwa sababu manufaa yake yalikuwa yamedhihirika, lilisaidia kuthibitisha kwamba tohara hupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa HIV na mwanamke kwa zaidi ya nusu. Kenya ilianza mpango wa kitaifa wa tohara ya hiari mwaka wa 2008. Tohara hupunguza hatari, haiiondoi.

Mwaka wa 2011, utafiti wa kimataifa ulionyesha kuwa kumtibu mapema mtu mwenye virusi hupunguza kwa asilimia 96 uwezekano wa kumwambukiza mwenziwe. Sasa inafahamika kwamba mtu anayetumia dawa vyema hadi virusi visionekane katika vipimo hawezi kumwambukiza mwenziwe kwa njia ya ngono.

Mnamo 2017 Kenya ilizindua matumizi ya PrEP, dawa anazomeza mtu asiye na virusi ili asiambukizwe, pamoja na vifaa vya kujipima HIV. Mwaka wa 2024 ilitangazwa kwamba miongoni mwa wasichana na wanawake 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda waliodungwa dawa ya lenacapavir mara mbili kwa mwaka, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliipendekeza dawa hiyo Julai 2025.

Aidha, tangu Oktoba 2019 wasichana wa umri wa miaka 10 humu nchini hupewa chanjo ya kuzuia virusi vya HPV, ambavyo husababisha saratani ya mlango wa kizazi.

Lakini dawa iliyo kabatini haimsaidii anayeogopa kuingia mlangoni. Vijana wengi huepuka vituo vya afya kwa kuhofia kukutana na jirani, kukemewa na muuguzi, au siri yao kufika nyumbani kabla yao. Msichana anayeomba ushauri wa kupanga uzazi akajibiwa kwa swali la "mama yako anajua uko hapa?" hatarudi tena. Huduma inayowafaa vijana haihitaji jengo jipya. Inahitaji saa zinazomfaa mwanafunzi, chumba chenye faragha na mhudumu anayejua kusikiliza.

Fedha nazo zimekuwa tatizo jipya. Kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya mapambano haya ilitegemea wafadhili, hasa Marekani. Januari 2025, serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya kigeni. Vibali vya dharura vilivyofuata viliruhusu matibabu ya HIV kuendelea, lakini dawa za PrEP chini ya ufadhili huo zikabanwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha pekee. Shirika la USAID lilifungwa rasmi Julai 1, 2025. Msukosuko huo uliacha funzo: kinga ya vijana inayotegemea mfuko wa mgeni hukatika siku mgeni anapofunga mfuko.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya, ikiwemo afya ya uzazi. Sheria ya kuzuia na kudhibiti HIV na Ukimwi ya 2006 inakataza ubaguzi shuleni, kazini na hospitalini, na inalinda siri ya matokeo ya vipimo. Mtoto hupimwa kwa idhini ya mzazi au mlezi, lakini aliye na mimba, aliyeoa au kuolewa, aliye mzazi, au aliye katika hatari ya kuambukizwa anaweza kutoa idhini yeye mwenyewe.

Sheria ya Makosa ya Ngono, pia ya 2006, inasema kuwa mtu wa chini ya miaka 18 hawezi kukubali ngono kisheria. Anayepatikana na hatia ya kumnajisi mtoto wa umri wa miaka 11 au chini yake hufungwa maisha. Mtoto akiwa wa miaka 12 hadi 15, kifungo si chini ya miaka 20, na akiwa wa miaka 16 hadi 18, si chini ya miaka 15. Kwa hivyo, mazungumzo ya pembeni ambapo familia hupokea mbuzi ili kesi izikwe hayana msingi wowote wa kisheria. Humwacha mtoto bila haki na mhalifu akiwa huru kurudia.

Mambo ambayo kila kijana anafaa kuyajua

Msichana anaweza kushika mimba hata kabla ya kuona hedhi yake ya kwanza, kwa sababu yai hukomaa kabla ya damu kuonekana. Anaweza pia kushika mimba katika tendo lake la kwanza la ngono. Mbegu za kiume huweza kuishi mwilini mwa mwanamke kwa hadi siku tano, hivyo basi kuhesabu "siku salama" ni njia isiyotegemeka, hasa kwa msichana ambaye hedhi yake haijatulia.

HIV haiambukizwi kwa mate, kukumbatiana, kutumia sahani moja wala kuumwa na mbu. Huambukizwa kwa ngono isiyo na kinga, kwa damu, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto wakati wa ujauzito, kujifungua au kunyonyesha. Hiyo ya mwisho huweza kuzuiwa kwa dawa. Mtu mwenye virusi anaweza kuonekana mwenye afya tele kwa miaka mingi. Sura si kipimo.

Vidonge na sindano za kupanga uzazi huzuia mimba lakini havizuii HIV wala magonjwa mengine ya zinaa. Kondomu ikitumiwa ipasavyo kila mara hukinga dhidi ya yote mawili. Kidonda au usaha sehemu za siri huhitaji matibabu ya haraka, kwa kuwa magonjwa ya zinaa hurahisisha kupenya kwa HIV.

Aliyebakwa anafaa kufika hospitalini mara moja, kabla ya kuoga au kufua nguo ikiwezekana. Dawa za kuzuia HIV baada ya tukio, ziitwazo PEP, ni lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Dawa za dharura za kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya siku tano. Nambari ya simu ya 116 huwahudumia watoto bila malipo, na 1195 huwahudumia waathiriwa wa dhuluma za kijinsia.

Waliozaliwa na virusi

Wapo vijana wanaosahaulika kila elimu ya kinga inapotolewa: wale waliozaliwa na HIV. Wengi wao waliokolewa na dawa za kupunguza makali ya virusi, na sasa ni wanafunzi wa sekondari, wa vyuo, au wazazi wenyewe. Hotuba inayoueleza Ukimwi kama malipo ya uasherati huwachoma mioyo, ilhali hawakutenda lolote.

Mwaka wa 2004, baada ya suala hilo kufikishwa mahakamani, ndipo watoto wa makao ya Nyumbani jijini Nairobi walipofunguliwa milango ya shule za umma. Milango ya siku hizi ni myembamba zaidi. Mwanafunzi wa bweni hulazimika kuficha dawa ndani ya soksi, au kuruka siku kwa kuogopa kuonekana akimeza. Mpango uitwao Operation Triple Zero, ulioanzishwa humu nchini mwaka wa 2016, huwakusanya vijana kama hao ili wahimizane kutokosa miadi, kutokosa dawa na kufikisha virusi kiwango kisichoonekana. Shule yenye mlezi mmoja tu anayejua kutunza siri inaweza kumwokoa kijana wa aina hiyo.

Wajibu wa watu wazima

Mficha uchi hazai, walisema wahenga, wakimaanisha kwamba anayeona haya kusema shida yake hapati msaada. Katika suala hili, wanaoona haya zaidi ni watu wazima. Mzazi hahitaji shahada ya udaktari ili kuzungumza na mwanawe. Anahitaji kuanza mapema, kabla ya balehe, kuyajibu maswali kwa ukweli unaolingana na umri wa mtoto, na kutoligeuza kila swali kuwa kesi. Wavulana nao wasiachwe nje: anayefunzwa mapema kwamba kukataliwa si matusi, na kwamba mimba ni ya wawili, huwa kinga ya msichana wa jirani.

Ushahidi wa Mwanza, Bungoma na Zomba unaelekea upande mmoja. Kijana hukingika anapopewa habari mahususi na za kweli, anapobaki shuleni, anapopokewa kwa staha zahanatini, na sheria inapomfuata mtu mzima anayemwinda. Moja likikosekana, mengine hulegea. Serikali za kaunti zinapotayarisha bajeti zao kila mwaka, raia wana haki ya kuuliza ni kiasi gani kimetengewa mambo hayo, kwani hotuba za Siku ya Ukimwi Duniani, Desemba mosi, hazijawahi kununua sare hata moja.